Nyumba Isiyosonga Ugali

Jumatano, 2 Julai 2025

Mambo, Kibuyu! Ndiyo jina lako kuanzia leo, daftari langu. Kibuyu kinapokea tu, hakisimulii. Nahitaji mtu wa hivyo, maana nimeambiwa nisimwambie mtu, na mimi mdomo unaniwasha!

Baba ana kisukari.

Haya. Nimeandika.

Tulimpeleka zahanati kwa sababu ya kidonda. Msumari ulimchoma unyayo saiti, kwenye ujenzi, tangu kabla ya Pasaka, kila siku anasema kinapona na kila siku kiko palepale. Nesi akamtoboa kidole, akaangalia kile kimashine, akakiangalia tena. Akamuuliza, mzee, kwa siku unakula nini? Baba kwa fahari kabisa: asubuhi kiporo cha ugali na chai, mchana ugali, jioni ugali. Chai sukari vijiko vinne, "maana kazi yangu ni ya nguvu."

Nesi akasema sukari ikibaki juu hivi kidonda hakifungi, na kisipofunga... Hakumalizia. Hatukuhitaji amalizie. Baba mkubwa alikatwa mguu. Hadi leo kandambili zake za kushoto ni mpya kabisa.

Vidonge kapewa. Wanga upungue — ugali, wali, mihogo. Mboga, maharage, dagaa viongezeke. Mwisho wa mwezi arudi apimwe, waone kama mguu ni wa kuokoa kwa chakula au waanze mambo mengine.

Njiani baba akasema: hakuna wa kujua. Si jirani, si jumuiya, si mtu. Sababu ni ghala. Dharmesh, yule mwenye duka la nafaka mjini, anajenga ghala huku kwetu Bigwa na baba ndiye fundi mkuu. Kazi ya mpaka Krismasi! Akisikia fundi wake ana sukari na mguu mbovu, atamruhusu apande jukwaa? Baba anasema kesho yake tu atakuwepo fundi mwingine. Mama akabisha. Baba akasema, "Paskalia, nimeomba."

Baba huwa haombi.

Kwa hiyo kazi yangu ni hii: kumshibisha mbeba matofali bila ugali, kwa hela ya genge la mama. Mama anasema haiwezekani. Mimi nasema simu ipo!


Ijumaa, 4 Julai 2025

Nimeangalia video mpaka bando limekata. Hawa watu wanaishi wapi? "Mlo wa bei rahisi usio na wanga" — halafu anatoa samaki wa pinki, jibini, unga wa lozi. Lozi! Mimi lozi nimeiona kwenye picha ya biskuti.

Jana nikaenda gengeni kwa mama, yaani hatua chache kutoka mlangoni. Kabichi, mchicha, nyanya chungu. Nikapika zote. Tumeamua wote watatu tuliobaki nyumbani tule kitu kimoja, maana ugali ukiwa ndani ya nyumba baba ataunusa na ataukuta.

Sahani ilijaa mpaka pembeni. Nikajisikia mpishi! Baba akala yote, kimya, kwa adabu. Akanawa. Akakaa. Akaniangalia kwa upole.

"Mama, mboga tumekula. Ugali unakuja saa ngapi?"

Mama akacheka mpaka akatoka nje.

Leo kaenda kazini na hotipoti ya kabichi. Karudi uso umemshuka. Anasema kufika saa nne tumbo lilikuwa linapiga kelele kuliko mashine ya zege, akateremka akaenda kwa mama ntilie kula mihogo ya kukaanga. Kasema mwenyewe, bila kuulizwa, anaangalia chini. Sikumgombeza. Mtu mwenye njaa unamgombeza nini?

Fundisho: majani yanajaza sahani, hayajazi fundi.


Jumapili, 6 Julai 2025

Mjomba Andrea kashuka kutoka Mgeta na viroba vya koliflawa. Sokoni zimejaa hazina bei, zimemdodea, akatuachia nusu kiroba. Tangu sijazaliwa mjomba analima koliflawa na hajawahi kuila! Nilipomwambia nitaipika iwe kama wali akasema, "Hicho chakula cha mahotelini, mjomba. Sisi tunakilima, hatukijui." Akauliza kwa nini nahangaika. Mama akawahi: "Si unamjua huyu na majaribio yake." Mjomba akaridhika. Kuwa na sifa ya uchizi kuna faida.

Jaribio la kwanza: nimekatakata, nikachemsha na maji kama wali wa kawaida. Uji! Baba akachota kijiko, kikadondoka chwa. "Huu wali umekufa maji."

La pili: nikakwangua kwa kile cha kukwangulia karoti, nikatia chumvi, nikaibana kwenye kitambaa mpaka maji yakatoka — maji mengi ajabu, kumbe ndiyo yaliyokuwa yananiharibia! — halafu kikaango, kitunguu, yai, moto mkali, bila tone la maji. Ikasimama. Punje punje kabisa.

Baba: "Si wali." Akaongeza. "Lakini si mbaya." Akaongeza tena!

Nimerukaruka uani kama kuku aliyekatwa kamba.


Jumanne, 8 Julai 2025

Koliflawa na yai inashikilia tumbo lakini si mpaka mchana. Inabidi kuwe na kitu kizito cha asubuhi badala ya kiporo. Nikaenda mjini dukani kwa Dharmesh kuuliza bei ya karanga zilizovunjika, zile za bei ya chini. Mwenyewe hayupo, yupo mkewe, mama Savita.

Shikamoo. Marahaba, Irene, unatafuta nini? Nikasema natafuta kitu cha kushibisha asubuhi ambacho si mkate, si andazi, si muhogo. Akanitazama juu ya miwani.

"Cha nani?"

"Changu. Nataka kupungua."

"Upungue nini, mtoto? Upepo wa mlimani ukivuma wewe tutakuokota kule Kihonda!"

Alicheka yeye, akacheka mteja, akacheka na mpakiaji. Halafu akanipimia unga wa dengu, ule wa bajia. Koroga na maji, kitunguu, kotmiri, pilipili, binzari kidogo, uwe mwepesi, mimina kama chapati za maji. Anasema Dharmesh akila mbili asubuhi hasikii njaa mpaka mchana, "na yule, tumbo lake unalijua." Nesi alisema jamii ya maharage na dengu wanga wake unaingia taratibu. Basi safi.

Nilipokuwa naondoka akauliza, "Baba hajambo? Mzee wangu anasema siku hizi anashuka jukwaani polepole."

Moyo ukaniruka! Nikasema buti mpya, zinambana.

"Mwambie azivae na soksi mbili," akasema. Na akaniongezea kotmiri bure. Nimejisikia mwizi njia nzima.


Alhamisi, 10 Julai 2025

NIMEPATIA!

Siri si kitu kimoja, ni mchanganyiko. Asubuhi chapati mbili za dengu na chai ya tangawizi bila sukari (anakunja uso, anakunywa). Hotipoti ya mchana: maharage mazito niliyounga na karanga za kusaga, dagaa wa kukaanga juu, mboga ya mgagani pembeni, na parachichi. Parachichi hapa kwetu msimu ukiwepo watoto wanarushiana! Mafuta yake yanakaa tumboni. Jioni koliflawa na yai, au mlenda na maharage. Na hela ni karibu ileile, maana unga hatununui, na mboga zinazonyauka gengeni ndizo tunazokula.

Baba karudi na hotipoti tupu, imepanguswa. Akakaa kwenye kigoda, akasema: "Leo tumbo limenyamaza."

Mimi sina medali nyingine maishani, Kibuyu. Hiyo inatosha.

Ila akatusimulia ya Amosi. Amosi ni fundi mwenzake, jirani yetu nyumba ya tatu, tuko naye jumuiya moja ya kanisani, tena ni Mzigua — kwa hiyo mtani wetu. Mzigua kwa Mluguru anasema lolote na huna ruhusa ya kununa. Baba alipofungua hotipoti Amosi akapiga kelele saiti nzima:

"Jamani njooni muone! Waluguru wameishiwa unga! Wilfred analishwa majani kama sungura! Kesho atakuja na masikio marefu!"

Baba akamjibu kuwa bora sungura, Mzigua hata ukimpa sungura mzima atauliza ugali wake uko wapi. Watu wakavunjika mbavu. Yakaisha.

Baba anasema alikuwa anatamani kucheka kweli ila aliogopa Amosi asije akauliza swali la pili. Amosi ni mtu mzuri. Tatizo mdomo wake hauna komeo.


Jumatatu, 14 Julai 2025

Nesi kabadilisha bandeji. Kasema: pembeni pameanza kuwa pekundu, nyama mpya inakuja, mzee unafanya nini nyumbani? Baba akaninyooshea kidole!!!

Siandiki zaidi. Naogopa kuitia nuksi.


Jumatano, 16 Julai 2025

Ukungu umeteremka mlimani mpaka kwenye mabati, baridi, genge halina wateja. Mama Joyce, jirani yetu, akaegemea uzio akamuuliza mama: "Mama Irene, siku hizi mnakula saa ngapi? Siwasikii."

Mama hakuelewa. Mimi nikaelewa, ikanichoma.

Mwiko! Hapa mtaani kwetu jua likishazama kila nyumba inasonga, na ukimaliza unagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, ko ko ko, unga udondoke. Nyumba moja ikianza nyingine zinafuata. Unajua kabisa hii ya kwa mama Joyce, hii ya kwa Amosi. Ya kwetu haijalia wiki mbili.

Nikamweleza mama. Jioni akachukua sufuria tupu, akatoka nayo mlangoni, akagonga. Ko ko ko ko! Baba ndani: "Paskalia, ngoma ya nani hiyo?" Mama: "Ya ugali wako!" Tukacheka wote watatu, mama akiendelea kugonga sufuria haina hata maji.

Halafu akaacha. Akakaa chini na mwiko mkononi.

"Wanasema nyumba hii haina unga. Mimi, Wilfred. Niliyelea watoto watano mtaa huu na hakuna aliyewahi kwenda kuomba kibaba kwa jirani. Niwaambie tu ni maradhi. Maradhi si aibu."

Baba akasema maradhi si aibu, ila kukosa kazi ni njaa ya kweli. "Ghala likishaezekwa, tangaza hata kanisani baada ya misa."

Mama akainuka. Akaenda kuosha sufuria isiyo na uchafu.


Ijumaa, 18 Julai 2025

Imekuja pikipiki na kiroba cha sembe. Kilo ishirini na tano.

Nyuma yake Mzee Yeremia, mwenyekiti wa jumuiya, kavaa shati la misa. Na mama Joyce. Na Amosi.

Mzee Yeremia hakukaa. Akasema maneno mazuri mno, Kibuyu, na kila neno lilikuwa linanipiga. Kwamba sisi ndugu hatuulizani mwenzetu kapungukiwa na nini. Kwamba walisikia, wakaona, wakanyamaza siku kadhaa kwa heshima, halafu kila nyumba ikatoa ilichoweza. Kumbe ule utani wa saiti ulifika nyumbani kwa Amosi, ukafika kwa mkewe, ukakutana na mwiko usiolia, ukawa ushahidi! Mjane wa kule juu, bibi Magreth, katoa vibaba viwili. Namjua bibi Magreth. Vibaba viwili ndivyo alivyokuwa navyo.

Halafu Amosi akasogea. Nilisubiri utani. Hakutania.

"Wilfred, nilikucheka mbele za watu. Sikujua ni kweli. Nisamehe, kaka."

Mtani haombi msamaha! Sijawahi kusikia maishani mwangu. Mtani anakucheka hata ukiwa kwenye jeneza. Akikuomba msamaha maana yake amekuona umekwisha, huna hata nguvu ya kutaniwa. Nilimwangalia baba. Shavu lilikuwa linamcheza. Nikadhani atasema, hapana jamani, si njaa.

Akasema, "Mungu awabariki."

Mzee Yeremia akaongeza: kesho jumuiya ni zamu yetu, baada ya sala hatuondoki, kina mama watasonga hapahapa, tutakula pamoja, ili mzigo huu usiwe wa mtu mmoja.

Walipoondoka mama akakaa juu ya kiroba. Kukaa kabisa, kama kiti. Nikasema tukipeleke kituo cha yatima. Mama: "Akibebe nani, mbele ya nani?" Kweli. Kikitoka tu getini mtaa mzima utakiona.

Baba akasema, "Kesho nitakula kidogo. Tonge mbili. Basi."

Tonge mbili hazimuui, nesi mwenyewe alisema ngumi moja kwa siku haina neno. Mimi ndiye niliyefuta yote, kwa sababu namjua baba. Kwake tonge mbili ni hodi tu. Na kiroba kimejaa, na kila jirani atakuwa anasikiliza mwiko wetu, na kila siku atapita mtu kuuliza, mnaendeleaje, unga bado upo?

Na pembeni ya kidonda pameanza kuwa pekundu.


Jumamosi, 19 Julai 2025

Naandika nimechuchumaa jikoni, haraka haraka, nisamehe mwandiko.

Sala imekwisha. Wamejaa sebuleni, wengine barazani. Kina mama wamesonga kwenye sufuria la shughuli, mama Joyce na mwiko kama kasia, wanaimba. Mama kawapikia mboga huku anatabasamu na jino la juu limekanyaga mdomo wa chini. Asubuhi nilikuwa nimempikia baba chakula chake kama kawaida. Sikumwambia. Nilipika tu, mikono imezoea.

Ugali ukaingia kwenye sinia, mweupe, unafuka, kilima kabisa. Bibi Magreth akapiga kigelegele! Amosi kakaa karibu na mlango, hajasema neno la utani tangu aje, na watu wanamwona, inaongeza uzito. Mzee Yeremia akasema, "Baba mwenye nyumba aanze."

Baba akanawa. Polepole. Nikamwagia maji mimi mwenyewe. Mkono ukabaki juu ya sinia, unadondosha maji, watu wote wanaungoja ushuke. Mimi nilikuwa namtazama mama, mama anatazama ule mguu wenye bandeji ndani ya soksi.

Baba akaurudisha mkono.

"Irene, mwanangu. Niletee chakula changu."

Mama Joyce akacheka kidogo, hajui aweke wapi uso: "Chakula chako kipi tena, Baba Irene? Si hiki hapa mbele yako!"

Baba hakueleza. Kakaa tu, mkono umelowa, anasubiri. Nikasema kwa sauti kubwa naenda kukipasha moto, nikakimbia huku.

Kimeshapata moto. Bakuli liko kwenye figa, koliflawa, yai, maharage ya karanga, dagaa juu. Linafuka. Kule sebuleni nasikia Mzee Yeremia anakohoa, anasema tusubiri, tusubiri. Amosi anasema kwa sauti ya chini, "Wilfred, kuna nini, kaka?"

Chakula cha baba siku zote napeleka kimefunikwa kwa sahani. Ndiyo adabu. Lakini nikiingia nacho kimefunikwa leo, watadhani tumekula vibaba vya bibi Magreth huku tumeficha nyama jikoni! Nikiingia nacho wazi wataona vilevile alivyoviona Amosi saiti, na safari hii ataelewa. Nani anakataa ugali wa bure mbele ya ndugu zake kama si mgonjwa? Na Amosi akielewa, Jumatatu Dharmesh amejua. Baba amesema nilete. Hajasema nilete vipi. Au amesema, mimi ndiye sikusikia?

Ananiita tena. "Irene!"

Sahani iko mkono wa kushoto, bakuli liko mkono wa kulia — hapana, kalamu iko wa kulia, naiweka. Kibuyu, ungekuwa wewe unasimama mlangoni hapa sasa hivi: ungefunika?